Kituo cha kukusanya mbogamboga za kuuzia hoteli na supamaketi Dar: milioni 85 zianzie wapi?

mratibu_ruvu

Wakuu, heshima kwenu. Naleta jambo hili kwa wanaoijua biashara ya mboga kwa undani.

Vikundi vitano vya wakulima, watu 140 kwa jumla, vimekubaliana kuwa na kituo kimoja cha kukusanyia mazao. Vitatu viko Mlandizi na bonde la Ruvu: nyanya, bamia, bilinganya, tango na mchicha. Viwili viko Mgeta, milimani kule Mvomero: karoti, kabichi, letasi na njegere. Kwa sasa kila mtu anauza kivyake. Dalali anakuja na bei yake na tenga lake, mzigo unaishia Kariakoo, Ilala au Temeke Stereo. Mnunuzi mkubwa hawezi kuhangaika na watu 140. Anataka mtu mmoja wa kumpigia simu, ankara moja, na mzigo unaofanana kila siku.

Mfadhili amekubali kutoa shilingi milioni 85. Yeye na viongozi wengi wa vikundi wanataka lijengwe jengo Mlandizi lenye chumba baridi. Hoteli mbili za Masaki na supamaketi moja yenye matawi zimeonyesha nia, na kwa makadirio yao wote ni kama kilo 1,500 kwa siku, siku sita kwa wiki. Malipo yao ni baada ya siku 45.

Nauliza: fedha hii igawanywe vipi? Chumba baridi cha aina gani kinatosha? Tufanyeje wakulima wasiuze pembeni bei ikipanda? Na tujisajili kama nini? Karibuni.

daftari_na_kalamu

Mkuu, swali lako la kwanza umelijibu mwenyewe ulipoandika siku 45. Vituo vya namna hii hufia hapo, jengo likiwa bado linanuka rangi.

Chukua mfano wa mboga mchanganyiko zinazonunuliwa shambani kwa wastani wa 900 kwa kilo na kuuzwa 1,500. Bei mtaweka zenu, njia ya hesabu ni ileile. Katikati mna 600. Usafiri kutoka shambani hadi kituoni 80. Kuosha, kupanga na kufungasha 90. Kusambaza mjini 110. Upotevu 60, kwa sababu kila kilo 100 mtakazouza mtakuwa mmenunua kama 112, na zile 12 zitaondoka kwa nusu bei. Gharama ya fedha, yaani riba, 30. Jumla 370, na hizi zinapanda na kushuka pamoja na mzigo. Halafu kuna gharama zisizojali mzigo: pango, umeme, maji, mlinzi, meneja, mhasibu, mpokea mzigo. Tuseme 210,000 kwa siku.

Mkiuza kilo 1,500, ile 210,000 inakuwa 140 kwa kilo. Gharama yote ni 510, mnabaki na 90 kwa kilo, sawa na 135,000 kwa siku. Mkiuza kilo 700, ile 210,000 inakuwa 300 kwa kilo, gharama inafika 670, na kila kilo inayotoka mlangoni inawapa hasara ya 70. Mahali pasipo faida wala hasara ni 210,000 gawanya kwa 230, yaani karibu kilo 913 kwa siku. Sasa jiulizeni "nia" ya kilo 1,500 itazaa oda za kilo ngapi mwezi wa kwanza. Mimi ningeweka nusu, na ningepanga mishahara na pango kwa hiyo nusu.

Tuje kwenye siku 45. Ndani yake kuna siku kama 38 za kupeleka mzigo. Kila kilo imeshawatoka karibu 1,400 kabla hamjaona senti. Kilo 1,500 mara 1,400 mara siku 38 ni karibu milioni 80. Huo ndio ufadhili wenu wote, umelala kwenye madaftari ya wateja watatu. Mkijenga jengo la milioni 60, wiki ya tatu mtakuwa mnawaambia wakulima "subirini kidogo", na dalali atakuwa amesimama pembeni ya shamba na noti mkononi.

Dawa yake ni kuchanganya wateja. Wa siku 45 wasizidi asilimia 40 ya mzigo. Asilimia 60 iwe ya wanaolipa papo hapo au ndani ya wiki: migahawa, wapishi wa mashule binafsi, wapishi wa maofisini na viwandani, wauza chipsi. Kwa mgao huo mtaji unaolala nje unashuka hadi karibu milioni 40.

Kwa hiyo ningegawa hivi: mtaji wa mzunguko 45; kreti, mizani na meza za kupangia 15; kukarabati godauni la kupanga, sakafu na maji 10; chumba baridi kidogo 9; vibali, mafunzo na akiba 6. Mfadhili akikataa kuweka fedha kwenye mzunguko (wengi wao wanapenda kitu cha kupiga picha), mwombeni aiweke kama mfuko wa kununulia mazao kwenye akaunti yake, watia saini wawili, taarifa kila mwezi. Andikeni na masharti: hakuna mteja mmoja kushika zaidi ya asilimia 30 ya mfuko, na anayepitisha siku 60 bila kulipa hapelekewi mzigo hata awe nani. Ankara za wateja wazuri zinaweza kukopewa benki, na Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, ina mfuko wa kudhamini mikopo ya wakulima wadogo kupitia benki nyingine. Lakini benki itataka kuona vitabu vya miezi kadhaa, kwa hiyo msiutegemee mwanzoni.

fundi_baridi_tmk

Naungana na daftari: chumba baridi ndiyo, jengo la fahari hapana. Niseme ya kiufundi.

Kwanza, msidanganywe na kibanda cha mkaa kinachomwagiwa maji. Kinafanya kazi vizuri Dodoma na Singida kwa sababu hewa ni kavu na maji yanaondoka na joto. Dar na Pwani hewa yenyewe imeshiba unyevu, hususan usiku na asubuhi, kwa hiyo kitashusha nyuzi chache tu. Kitawafaa kwa mchicha usinyauke, basi.

Pili, ukubwa. Kupoza tani moja ya nyanya kutoka nyuzi 30 hadi 10 kunahitaji kuondoa joto la kama kilojuli 78,000, sawa na kilowati-saa 22 za joto. Ukitaka likamilike kwa saa sita unahitaji nguvu ya kupoza kama kilowati 3.6, na hapo hujaweka joto linaloingia mlangoni, kwenye kuta na kwa watu. Kiyoyozi cha BTU 24,000 kina karibu kilowati 7, kinatosha kwa tani moja ya mzigo wa moto kwa siku. Kwa umeme, tani hiyo itakula kama uniti 9 za kupoza tu. Ukiweka shilingi 360 kwa uniti ni 3,200 hivi. Gharama kubwa ni mlango unaoachwa wazi. Wekeni mapazia ya plastiki na kitasa kinachojirudisha.

Chumba cha mita 3 kwa 4, urefu mita 2.5, paneli za poliyurethani za milimita 100, kinabeba tani mbili hadi tatu kukiwa na njia ya kupita. Kiyoyozi cha kawaida kinagoma kushuka chini ya nyuzi 16, kwa hiyo kinahitaji kidhibiti cha kukidanganya kihisi na cha kusimamisha kazi barafu ikianza kushika. CoolBot ndiyo inayojulikana zaidi. Wekeni stabilaiza; umeme wa Mlandizi ukirudi kwa kishindo bodi ya kiyoyozi ndiyo ya kwanza kuungua. Acheni sentimita 10 kati ya kreti na ukuta, na msipange kreti mbele ya kiyoyozi, hewa ikizibwa kreti za mbele zinaganda na za nyuma zinaiva.

Tatu, nini kiingie. Chumba ni kimoja, joto ni moja, kwa hiyo kiwekeni nyuzi 10 hadi 12. Hapo nyanya zinazoanza kuiva, tango, bilinganya, hoho na bamia ziko salama. Chini ya hapo tango na bilinganya hupata madoa yaliyobonyea, na nyanya ambayo haijaiva haitaiva vizuri tena. Letasi, mchicha na karoti zinapenda karibu na sifuri, lakini usiku mmoja kwenye 10 zitavumilia. Ndizi mbivu, parachichi na embe zisilale humo kabisa: zinatoa gesi ya kuivisha, mchicha unageuka njano na karoti zinakuwa chungu. Vitunguu havitaki unyevu, viwekwe nje penye upepo. Viazi vya chipsi navyo viacheni nje, gizani. Vikikaa baridi chini ya nyuzi 7 au 8 wanga wake unageuka sukari, chipsi zinatoka nyeusi, mteja atasema mmebadilisha mbegu.

Na kuvuna alfajiri, kuweka kivulini na kuondoa shambani kabla ya saa tatu asubuhi kunawapa nusu ya faida ya chumba baridi bila senti.

gredi_ya_kwanza

Wote wanaongelea mzigo ukishafika. Mzigo wenyewe utatoka wapi kila wiki? Ninachokiona kwenye mipango mingi ni kwamba vikundi vinapanda pamoja, vinavuna pamoja, wiki nne kituo kimefurika, wiki nane zinazofuata hakuna kitu na hoteli imesharudi kwa msambazaji wake wa zamani.

Anzeni na oda, mrudi nyuma. Tuseme wateja wanataka kilo 600 za nyanya gredi ya kwanza kwa wiki. Shamba la kawaida linatoa gredi ya kwanza kama asilimia 60, kwa hiyo mnahitaji kuvuna kilo 1,000. Eka moja iliyotunzwa wastani ikitoa tani 6 kwa wiki sita, ni tani moja kwa wiki. Msipande eka nzima mara moja kwa mtu mmoja. Pandeni nusu eka mpya kila baada ya wiki tatu, muda wote mtakuwa na nusu eka mbili zinazovunwa. Kila nusu eka igawanywe kwa wakulima wawili walio mbalimbali, maana bakajani (ugonjwa wa majani) au kantangaze (kiwavi mtoboaji wa nyanya) ikimshika mmoja haikosi kumshika jirani. Ongezeni theluthi moja juu kama kinga. Kitalu wiki nne, kisha wiki tisa au kumi hadi mavuno: mbegu ya mzigo wa wiki ya kwanza ya Septemba iko kitaluni mwishoni mwa Mei.

Masika, Machi hadi Mei, ndiyo kipimo chenu. Nyanya za wazi zinaoza kwa ukungu, njia za Mgeta zinateleza, na bei mjini inapanda. Mwambieni mteja mapema, kwenye mkataba, kwamba miezi hiyo kiasi cha nyanya kitapungua hadi kiwango fulani. Mnunuzi anayejua kabla hukasirika kidogo. Anayeshtukizwa saa moja asubuhi anafuta oda.

Gredi iandikwe na ipigwe picha. "Nyanya nzuri" si kipimo. Andikeni: kipenyo sentimita 5.5 hadi 7, rangi kuanzia pinki hadi nyekundu isiyolainika, haina ufa, haina tundu la mdudu, imetolewa kikonyo ili isitoboe mwenzake. Ubao wenye matundu mawili, la 5.5 na la 7, mtu yeyote atapanga. Picha moja ibandikwe kituoni, moja shambani, moja kwa mpokea mzigo wa hoteli. Na mkubaliane kwamba mzigo unakataliwa mlangoni ndani ya saa moja, kwa saini na uzito. Hakuna kupigiwa simu jioni kwamba "zile za asubuhi zilikuwa mbaya".

Kuosha ndiko kunakoharibu mizigo mingi kuliko watu wanavyodhani. Maji yasiyo na dawa yanasambaza uozo wa nyanya moja kwa beseni zima. Klorini ya sehemu 150 kwa milioni inatosha: kama dawa yako ya kuulia vijidudu ni ya asilimia 3.5, ni mililita 430 kwa lita 100 za maji. Kama ni ya asilimia 5, ni mililita 300. Soma lebo, usikisie. Udongo unaimaliza klorini haraka, hivyo karoti zioshwe kwanza kwa maji matupu, na beseni la dawa libadilishwe maji yakichafuka. Nyanya zenye joto la jua zikitumbukizwa kwenye maji ya baridi zinavuta maji ndani kupitia kovu la kikonyo, pamoja na vijidudu. Maji yawe na joto kuzidi kidogo la nyanya, au zifutwe kwa kitambaa safi tu.

Mwisho, dawa za shambani. Kwa sababu ya kantangaze watu wanapiga kila baada ya siku chache, na wengine wanachuma kesho yake. Kila dawa iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo. Kituo kiwe na daftari la dawa kwa kila mkulima: jina la dawa, tarehe, kiasi. Hakuna daftari, hakuna kupokea. Hoteli na supamaketi zitauliza pia maji ya kumwagilia yanatoka wapi. Mchicha mkipungukiwa msikimbilie kununua wa bonde la Msimbazi kuziba pengo, mto ule unapokea maji machafu ya viwanda na makazi, na siku mteja akipima mzigo mtakuwa mmeuza jina lenu kwa kreti tatu za mchicha.

mama_stereo

Wanangu, mmesema vizuri, lakini naona kila mtu anamsema dalali kana kwamba ni mwizi wa kuku. Hizo asilimia 40 za nyanya zisizo gredi ya kwanza mtampelekea nani? Hoteli hazitaki. Mwenye kujua leo Stereo wamejaa, Mabibo pako wazi, na mama lishe gani anachukua nyanya laini za rojo, ni dalali. Chagueni wawili wanaoaminika, wapeni gredi ya pili kwa bei ya jumla ya siku hiyo, kreti mpaka saa nne asubuhi ziwe zimeondoka. Nyanya laini ikilala kituoni usiku mmoja haina bei tena.

Kuhusu kuuza pembeni: mkulima haibi, anafuata bei. Mkataba wa bei moja mwaka mzima utavunjwa na upande unaoumia, iwe nyie au yeye. Wekeni bei yenye sakafu na dari. Kila Jumatatu mtu aulize bei ya jumla Ilala, Mabibo na Stereo, achukue ya katikati, atoe usafiri na gharama ya kituo, hiyo ndiyo bei ya wiki. Isishuke chini ya gharama ya mkulima, isipite dari mliyokubaliana na mteja. Bei ya soko ikiruka juu ya dari, mkulima awe na ruhusa ya kuuza nje asilimia 40 ya mavuno yake bila kuitwa msaliti. Sitini ni za kituo. Akishajua ana mlango wa kutokea halali, hatapitisha mzigo usiku.

Kingine, lumbesa. Kabichi na viazi vya madalali vinajazwa mpaka gunia linavaa kofia, na mkulima analipwa kwa gunia. Sheria inakataza kufungasha kupita kilo 100. Kituo chenu kinunue kwa kilo, kwenye mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo, mkulima akiwa anauona. Hilo peke yake litawaletea watu kuliko semina kumi.

mratibu_ruvu

Mama, shikamoo, na ahsante. Wakuu wote nimewasoma, na ule mgao wa fedha nitaupeleka kwenye kikao cha vikundi kama ulivyo. Mabaki mawili. Je, Mlandizi ni mahali sahihi, au tusogee mjini? Na usajili: vikundi viwili tayari ni AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao), vitatu ni vikundi tu vya kijamii.

njia_kuu

Mlandizi iko sawa kwa kupokea, mradi godauni liwe kando ya barabara kuu na Fuso iweze kugeuka. Gari la Mgeta linashuka Sangasanga, linaingia Morogoro, linapita mizani ya Vigwaza kabla ya kuwafikia. Kama linabeba zaidi ya uwezo wake litakaa pale na letasi zenu juani, kwa hiyo pimeni kreti mnapopakia na dereva awe na jumla yake kwenye karatasi. Mzigo wa Mgeta uondoke jioni, uwafikie usiku, upangwe gredi kabla ya alfajiri.

Kazi iko kwenye kutoka. Hoteli na supamaketi hupokea asubuhi mapema, na Kibaha, Mbezi, Kimara zikishaamka mmepoteza saa mbili. Gari la kwanza liondoke Mlandizi saa kumi alfajiri, si saa kumi na moja na nusu. Canter moja yenye boksi lililofunikwa inabeba oda za Masaki na Oysterbay kwa safari moja, mkipakia kinyume: wa mwisho kushusha ndiye wa kwanza kupakia. Kirikuu mbili ndogo ni ghali zaidi kwa kilo, lakini moja ikiharibika hamkosi wateja wote. Mimi ningeanza na za kukodi.

hati_na_stempu

Usajili. Hoteli itataka TIN (namba ya mlipa kodi), leseni ya biashara, risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki) na akaunti ya benki yenye jina lilelile lililoko kwenye ankara. Kikundi cha kijamii hakitawafikisha hapo. Mna njia mbili. Ya kwanza, vile vikundi vitatu vijiunge na AMCOS zilizopo au viunde yao chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na AMCOS zote ziwe wamiliki wa kituo. Ya pili, ambayo mimi naipendelea kwa biashara ya mboga, AMCOS ziandikishe kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kumiliki hisa zake. Kampuni inanunua, inauza na kuajiri meneja, AMCOS inasimamia wakulima na kupokea gawio. Sababu ni mwendo: bei ya nyanya inabadilika asubuhi na jioni, na meneja anayesubiri kikao cha bodi ya ushirika kukubali oda atakuwa ameshaikosa. Msiwaweke viongozi wa AMCOS kuwa mameneja. Wakae kwenye bodi wakague.

Kodi. Mboga mbichi zisizosindikwa zimesamehewa VAT, na watu hushangilia wakisahau upande wa pili: kwa kuwa mnauza bidhaa iliyosamehewa, ile asilimia 18 mliyolipa kwenye kreti, paneli na kiyoyozi hamrudishiwi. Iwekeni kwenye bajeti kama gharama. Daftari, zile milioni 15 za vifaa zipigwe upya na VAT ndani.

Ushuru wa mazao: kwa mabadiliko ya sheria ya 2017, mazao ya chakula ni asilimia 2, ya biashara asilimia 3, na mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi. Mzigo wa Mgeta utazidi tani, kwa hiyo lipieni Mvomero na dereva atembee na risiti ya mashine ya POS ya halmashauri. Bila risiti atalipa tena kizuizini, na hakuna wa kumrudishia.

Eneo la kupangia lisajiliwe TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula. Wafanyakazi wawe na vyeti vya kupima afya. Mkitaka kuuza mboga zilizofungashwa kwenye trei kwa supamaketi, msimbo wa bidhaa mnachukua GS1 Tanzania, unaanza na 620. Mkilenga magereza, hospitali na mashule ya serikali, zabuni zote zinapitia NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali, lakini wekeni hilo mwaka wa pili. Malipo yake hayatabiriki kwa mtaji mlio nao.

daftari_na_kalamu

Hati, umenikamata kwenye VAT, ni kweli. Punguzeni kreti za mwanzo, mzani msiupunguze.

gredi_ya_kwanza

Kwa kuwa kreti zimetajwa, tuimalize. Tenga la mbao linabeba nyingi na linaonekana rahisi, lakini nyanya za chini zinabeba uzito wa zote za juu na kingo zinazikata. Kreti ya plastiki yenye matundu, inayobeba kilo 20 hivi, haijazwi kupita mdomo. Ikizidi, kreti ya juu inakalia nyanya badala ya kukalia ukingo.

Idadi inatokana na mzunguko. Kilo 1,500 ni kreti 75 kwa siku. Kreti moja iko shambani siku moja, kituoni siku moja, kwa mteja siku mbili au tatu, kwenye kuosha na kurudi siku moja: siku sita kwa makadirio mabaya, kwa hiyo 450, na theluthi juu kwa ajili ya zinazovunjika na zinazogeuzwa viti. Mia sita zinatosha kuanza. Zote ziwe rangi moja ambayo hakuna msambazaji mwingine anayo, zichomwe namba kwa chuma cha moto, maana stika zinaoshwa zikatoka. Mteja asaini kreti alizopokea na alizorudisha kwenye hati ileile ya mzigo, na asiyerudisha baada ya siku saba atozwe kwenye ankara inayofuata. Mkulima naye aweke amana ndogo kwa kila kreti aliyochukua.

Kila kreti iwe na kadi: herufi za kikundi, namba ya mkulima, tarehe ya kuvuna. MG-014-0306 ni mkulima wa 14 wa Mgeta, tarehe 3 mwezi wa 6. Hoteli ikilalamika kuhusu kabichi yenye viwavi mtampigia mtu mmoja, hamtakatiza mzigo wa Mgeta nzima.